Maombi Yasiyo na Amina

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sina ugomvi na maombi. Nililelewa kwa maombi, nikasomeshwa kwa maombi na ndengu za mama yangu, na hata leo siwezi kunywa chai kabla sijafumba macho. Ugomvi wangu ni na watu fulani ambao sijawahi kuwaona, waliokaa mahali nisipoweza kupaonyesha kwenye ramani, wakatuuzia maombi kwa waya wa simu. Miaka imepita na mvi zimenitoka, lakini nikiwakumbuka bado damu inanichemka.

Tulikuwa na simu nyumbani Embu, katika mtaa wa Dallas. Miaka ya tisini simu ya nyumbani haikuwa kitu cha kila mtu. Mzee wetu aliipata kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wa serikali, na hata hivyo aliingoja mpaka akakaribia kustaafu. Ilipofika akaitia kufuli ndogo kwenye tundu la lile gurudumu la namba, na ufunguo akaufunga kwenye mshipi wake. Ukitaka kupiga ulijieleza kwanza: unampigia nani, kuna nini, na kwa nini usiende kwa miguu. Tulimcheka sana. Kupokea hakukuwa na shida, kwa sababu kufuli haikuzuia simu kuingia.

Mzee alipofariki, mama aliitoa ile kufuli. Alisema nyumba ya mjane haifungiwi watu. Mama alizaliwa kule chini, Siakago, kwenye jua, na alikuwa akinunua ndengu huko na kuziuza katika soko la Embu. Nyumba yake haikukosa mgeni. Jumamosi mchana akina mama wa kikundi chake cha kanisa walikutana sebuleni kwake, na aliyetaka kupigia mtu wake Nairobi au Nakuru alipiga, akaacha alichoweza kwenye kikombe. Kama hakuwa na kitu, alipiga vilevile.

Ndugu yangu mdogo ndiye aliyepewa jina la babu, baba mzazi wa mama. Kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo ni mkubwa tangu akiwa kwenye nepi. Mama alimwita Baba. Alimwambia, "Baba, kunywa uji," na "Baba, futa makamasi," na sisi wengine tukaona wivu. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Amerika, majirani walimtania kwamba anapoteza nauli bure, maana tayari alizaliwa Dallas. Mama alimwombea pale uwanja wa ndege mpaka askari akaja kusema ndege haingoji.

Mwanzoni alipiga simu Jumapili moja moja, mchana, baada ya ibada. Mama hakuvua nguo za kanisa. Alikaa kwenye kiti karibu na simu akiwa na kilemba chake kichwani, na ikilia aliiacha ilie tena kidogo ili isionekane alikuwa na pupa. Walizungumza machache: salamu, mvua, masomo. Kisha mama alimwombea, akasema amina, na hapo ndipo simu ilipokatwa. Yeye hakujua njia nyingine ya kumaliza simu.

Halafu Jumapili zikaanza kupita kavu. Barua zetu zikarudi. Namba aliyokuwa ametuachia ikawa inapokelewa na Mzungu mmoja ambaye hakumjua kabisa, tena hakupenda kuulizwa mara mbili. Ndugu yangu alikuwa amehama, na hatukujua amehamia wapi. Ikawa hivi: sisi hatungeweza kumpata, lakini yeye, akitaka, angetupata, kwa sababu namba yetu aliijua tangu tulipoipata. Ile simu ya sebuleni ndiyo iliyokuwa njia peke yake. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote, na alianza kukonda.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Ruiri, upande wa Meru, shule isiyo na simu. Nilikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo sikuwepo siku ile mkutano wa injili ulipofanyika mjini na vijana waliovaa tai wakawa wanagawa vikaratasi vinavyong'aa pale watu walipokuwa wakitoka. Kikaratasi nilikuja kukiona baadaye. Kilikuwa na picha ya mikono miwili iliyoshikana, na Kiswahili cha mtu aliyekitoa kwenye kamusi. Kiliuliza: una mtoto aliyepotea mbali? Kilisema maombi ni bure. Kilisema usikate simu mpaka mtumishi amalize. Chini kulikuwa na namba, ikianza na sufuri tatu.

Tafadhali, msimcheke mama yangu. Kwanza mnielewe jambo moja kuhusu watu wetu. Kwetu mtu akiomba, huondoki. Chungu kiungue, mvua inyeshee ndengu zilizoanikwa uani, wewe unangoja amina. Nakumbuka sherehe moja Siakago, mzee wa kanisa alibariki chakula mpaka supu ikaganda. Kuku akaingia, akapanda juu ya meza, akachagua nyama, akashuka na kwenda zake. Watu zaidi ya ishirini tulimwona, wengine kwa jicho moja, na hakuna aliyesema shii. Sasa mtu aliyelelewa hivyo mpe simu ambayo ndani yake kuna sauti inaomba, halafu mwambie asiikate mpaka ikome. Waliotunga mtego huo sijui kama walitujua, lakini walitupata barabara.

Nilifika nyumbani Jumamosi moja, mchana. Mlango ulikuwa wazi na ndani kimya. Akina mama watano walikuwa wamepiga magoti kuizunguka meza ndogo, vichwa chini, vitambaa vyao vyeupe vimefungwa vizuri. Mkono wa simu ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa cha kufuma, na ndani yake sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema kwa Kiingereza, na nyuma yake kinanda. Mama alikuwa akiitikia, "Ndiyo, Bwana." Wenzake wakaitikia pia. Kila mmoja alikuwa na wake aliyepotea. Mmoja bintiye alikwenda kufanya kazi Uarabuni akanyamaza, mwingine mume alipotelea Tanzania, na waliobaki sikumbuki.

Na mimi nilifanya nini? Niliweka mkoba chini nikapiga magoti, nikafumba macho. Ningefanyaje? Maombi yalikuwa yanaendelea.

Magoti yakaanza kuuma. Yule bwana aliwaombea watoto, akaombea safari, akaombea watoto tena. Kisha akakohoa kidogo, akaomba radhi, akaendelea. Nikangoja. Baada ya muda akarudi kwa watoto, na baada ya neno lile lile akakohoa kikohozi kile kile, akaomba radhi kwa sauti ile ile. Nilifumbua macho. Nikangoja mara ya tatu ili nisimsingizie mtumishi wa Mungu. Akakohoa. Ilikuwa kaseti, jamani, kaseti iliyounganishwa mkia na kichwa, na amina walikuwa wameiacha nje makusudi.

Nikanyoosha mkono, nikabonyeza pale juu. Kimya.

Wote walifumbua macho wakaniangalia kama niliyemwaga damu. "Mwalimu," mmoja wao akasema polepole, "umekata maombi."

"Ni kaseti, mama. Hakuna mtu huko. Anarudia maneno yale yale."

"Na sisi hatulirudii Baba Yetu kila siku?" akajibu mwingine.

Niliwaeleza kuhusu zile sufuri tatu, kwamba hiyo ni simu ya ng'ambo na kila dakika inalipiwa. Walisikiliza kwa adabu. Mmoja akatoa kile kikaratasi kwenye Biblia yake akanionyesha kwa kidole palipoandikwa bure. Walipoondoka, mama alikunja kile kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Umekuwa ukipiga tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mkutano. Asubuhi kabla ya soko, na siku za kikundi."

"Na unaikataje, kama haina amina?"

"Huwa inakatika yenyewe. Ikikatika najua Mungu ametosheka."

Nilikasirika, nikasema mengi kuhusu matapeli. Mama aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Wewe una namba ya mtoto? Nipe niipige. Mimi nina hii tu."

Waswahili walisema mfa maji haachi kutapatapa, nasi huwa tunaitamka methali hiyo kwa dharau kidogo. Tangu siku ile mimi siitamki hivyo.

Niliitafuta kufuli ya mzee, nikaipata kwenye kopo la vifungo, nikairudisha kwenye simu. Ufunguo nikaenda nao Ruiri. Mama hakupinga. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Bili ilipokuja, mama aliituma kwangu kwa mkono wa jirani aliyekuwa anakuja Meru. Sitataja ilikuwa kiasi gani. Niseme tu kwamba nilikaa nayo kwenye benchi nje ya darasa, watoto wakaingia bila kuitwa, wakakaa kimya wenyewe. Niliomba ruhusa nikaenda Embu, ofisi ya simu.

Mama wa kaunta hakuwa mbaya. Alinionyesha kwamba namba ile haikuwa ya Amerika hata kidogo, kama nilivyodhani. Ilikuwa ya kisiwa fulani baharini, mbali, ambacho hata yeye alisoma jina lake kwa kusitasita. Alisema wenye namba hizo wanagawana malipo na kampuni ya simu ya huko inakofikia, ndiyo maana wanakuweka kwenye laini. Alisema hatukuwa wa kwanza. Kuna mwingine alipigia bahati nasibu, mwingine kazi ya meli.

"Sasa kama mnajua, kwa nini hamkutuambia?" nikauliza.

"Mngekuja mkauliza, tungewafungia simu za ng'ambo. Ni kujaza tu ombi."

"Nani angeuliza kitu ambacho hajui kipo?"

Nikamwomba jambo moja. Nikamwambia, kateni kupiga, tuachieni kupokea, maana kuna mtoto wetu yuko nje na hana namba nyingine. Nilimweleza kila kitu, hata habari za mama na kile kiti. Aliinuka akaenda kumwuliza mkubwa wake. Alirudi akiangalia chini. Mkubwa amesema mita haidanganyi, simu ilipigwa kutoka nyumbani kwenu, na laini itakatwa yote mpaka deni liishe.

Nilikwenda polisi. Askari wawili walinisikiliza, wakatazamana. Mmoja akaniuliza waandike nini sasa, kwamba mama yangu aliombewa bila idhini? Wakacheka. Nilitoka pale nikanunua maji ya matunda nikashindwa kuyanywa.

Jumapili nilisimama kanisani, wakati wa matangazo. Mchungaji alikuwa amenisihi nisilitaje jambo lile mbele za watu, eti litaleta aibu kwa akina mama na kuwafanya watu waogope kuombewa. Nililitaja. Niliwaambia namba zinazoanza na sufuri tatu ni za ng'ambo, wasizipige kwa mtu wasiyemjua, na wasingoje amina ya mtu ambaye hawajui alipo. Niliwaambia waende wafungiwe simu zao, wenye simu, na wasio nazo wawaambie wenye nazo. Wengine waliguna. Lakini baada ya ibada mwanamume mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinivuta pembeni, akaniomba nimrudie ile habari ya sufuri tatu, maana mkewe alikuwa na kikaratasi. Huyo angalau tulimwokoa.

Wale wanne wa kikundi hawakumtupa mama. Walileta mahindi, walileta kuku, yule wa binti wa Uarabuni akaleta cherehani yake iuzwe. Mama akaikataa. Alituma watu Siakago wakauze mbuzi wake, halafu akauza ndengu za msimu mzima kwa bei ya kutupa, kwa sababu aliyenunua alijua kwamba ana haraka. Tulilipa kidogo kidogo. Laini ilikuwa bado imekufa jua la kiangazi lilipoanza.

Habari ilinikuta darasani Ruiri. Bwana mmoja wa pale sokoni, ninayemfahamu kwa sura, alikuja na baiskeli mpaka mlangoni. Ndugu yake alikuwa Amerika, na alikuwa amepiga simu Meru mjini, dukani kwa mjomba wao, akisema nitafutwe mimi, mwalimu wa Ruiri. Kwamba yeye na ndugu yangu walikuwa wakikaa nyumba moja. Kwamba ndugu yangu alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa muda mrefu, akafanyiwa operesheni, na hakuamka.

Nilimaliza kuandika sentensi niliyokuwa nikiiandika ubaoni. Sijui kwa nini. Kisha nikamkabidhi chaki mtoto wa mbele nikatoka.

Siku zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Michango, simu za kuazima kwenye maduka ya watu, safari za Nairobi. Yule kijana wa Ruiri aliyekaa naye Amerika ndiye aliyeleta mwili. Tulimzika Siakago, kwenye shamba la babu ambaye yeye alibeba jina lake, katika udongo mkavu uliowatoa jasho waliochimba. Mama alisimama muda wote. Walipomletea kiti alisema wampe mzee yeyote aliyechoka.

Kesho yake asubuhi kijana yule alikuja kutuaga. Alikuwa mrefu, mwenye koti la baridi la huko Amerika ambalo hakujua aliweke wapi kwenye joto lile. Kimeru chake na Kimbeere cha mama vilikutana nusu njia, kwa hiyo wakatumia Kiswahili. Tulikaa watatu nje, kwenye kivuli cha ghala. Mama akamwomba amweleze yote, asimfiche.

Akasema ndugu yangu aliacha masomo alipoanza kuugua, ada ikamshinda, akawa anafanya kazi ya kuosha vyombo, na aliona aibu kutuambia. Alikuwa anangoja apone kwanza. "Lakini ile wiki ya operesheni, mama, alipiga simu nyumbani. Kila siku alipiga. Mlio ulikuwa mmoja tu, mrefu, haukatiki. Nikamwambia labda ni waya umeanguka. Akasema labda mama amehama. Siku nyingine akasema labda mama amemkasirikia."

Kijana hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za laini kukatwa. Nilitaka kumzuia, lakini mama alinishika goti.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Hakutaka kusema kitu, mama. Alitaka umwombee. Alisema hajawahi kuingia hata kwenye mtihani bila wewe kumwombea. Asubuhi ile akajaribu tena kwa simu ya hospitali, ikawa vilevile. Basi akaniambia nimwombee mimi."

"Ukamwombea?"

Kijana akaangalia lile koti mapajani mwake. "Mimi si mtu wa kanisa sana, mama. Nilikuwa najua moja tu. Ile tulikuwa tunasema shuleni, kwa foleni ya chakula."

"Ukaomba hiyo."

"Nikaomba hiyo. Bwana, bariki chakula hiki, ubariki mikono iliyokiandaa, uwape na wasio nacho. Sikujua nyingine. Alicheka kidogo. Halafu wakaja wakamchukua."

Mbuzi wawili waliobaki walikuwa wanalia kwenye boma, hawajafunguliwa. Mama akauchukua mkono wa yule kijana akauweka kati ya mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu. Uliomba vizuri," akamwambia. "Lakini Baba alikuwa ananitafuta mimi. Na mimi nilikuwepo. Siku hizo zote nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kiti, karibu na simu."